Umeacha la Watu?

Mnara wetu huuliza swali kabla ya kuwaka, na huuliza kwa sauti ya mke wangu.

Naandika haya kwa sababu watu wapya kiwandani wanadhani ile ni sauti ya mashine tu. Ni sauti ya Eustella, aliyeutunga mlio wa mnara, akafariki kabla kiwanda hakijaezekwa paa lote. Aliirekodi jikoni kwetu huku sufuria ya ndizi ikitokota nyuma yake. Ukitega sikio vizuri, na ile sufuria unaisikia.

"Umeacha la watu?" Ndivyo mnara unavyouliza.

Nami hujibu, "Nimeacha." Hapo taa za juu huwaka, mlio huanza, na senene, panzi wetu wa kuliwa, walio angani juu ya ziwa hugeuza njia wakaja kwetu.

La watu maana yake fungu la watu. Eustella aliweka gurudumu dogo la shaba kwenye ukuta wa chumba cha mnara. Likiwa katikati, mnara unaita nusu ya wingu la senene, na nusu nyingine inapita juu yetu kwenda kuanguka ilikozoea kuanguka tangu enzi za mababu: kwenye rweya, zile mbuga za nyasi kati ya vijiji vyetu, na kwenye migomba ya watu. Likizungushwa hadi mwisho, mnara unaita wote. Mnara wenyewe hauna njia ya kujua gurudumu liko wapi. Unauliza tu, kisha unaamini. Na kazi ikiisha, ukitaka kuuzima, unauliza swali la pili: "Wamekula?" Nami hujibu, "Wamekula," taa zikazimika.

Wakati ule nilimwambia, "Mashine inayoamini neno la mtu ni mashine mbovu."

"Basi mtu wake asiwe mbovu," akanijibu, akaendelea kumenya ndizi.

*

Msimu ninaousimulia, Bi Hirut alikuja kutoka Addis Ababa. Alikuwa mnunuzi wa chakula cha vituo vya angani, zile nyumba zinazoizunguka dunia, ambako watu hukaa miezi na miezi wakifanya kazi. Huko juu hakuna wa kufuga ng'ombe, na kila kilo inayopandishwa ina gharama yake, kwa hiyo wanatafuta chakula chepesi chenye nguvu. Viwanda vya ng'ambo vilikuwa vinafuga nyenje kwenye maghala, vinawasaga unga, vinauuza kwa bei ambayo sisi tusingeiweza hata tungefanya kazi bure. Sisi tulikuwa na kitu kimoja tu cha kushindana nao: senene mzima, aliyetolewa mabawa na miguu kwa mkono bila kupasuka, ambaye akikaangwa kwa mafuta yake mwenyewe anakufanya usahau ulikuwa unasema nini.

Mkurugenzi wetu, Kemilembe, alikuwa amemfuatilia huyo mama mwaka mzima hadi akakubali kuja. Kemilembe ni binti wa hapahapa Kashenge. Alikwenda kusomea uchumi wa viwanda, akarudi na viatu vyeupe ambavyo tope letu halikuviheshimu hata siku moja.

Tulimpokea mgeni kwenye ukumbi wa kuchambulia. Mezani palikuwa na mfuko mmoja uliofungwa kwa lakiri ya bluu. Ndani yake kulikuwa na sampuli: senene wachache waliotangulia kuanguka kabla ya wingu lenyewe, wameshakaangwa. Bi Hirut alitakiwa kuikata lakiri kwa mkono wake mbele ya kamera, apime, aonje, ndipo makubaliano aliyoyaandika yatiwe sahihi.

Aliyeuleta mfuko alikuwa Ma Adventina, msimamizi wa wachambuaji, dada mkubwa wa marehemu mke wangu. Shemeji yangu huyu akinong'ona, mlinzi wa getini anasikia. Aliuweka mfuko mezani, akaukazia macho.

"Hawa ndio wa kwanza wa msimu?"

"Ndio," Kemilembe akasema.

Ma Adventina akauchukua mfuko tena, akaupasua kwa meno.

Alitoa senene mmoja, akamtafuna akiwa amefumba macho, akameza, akatoa mwingine.

"Ma Adventina!" Kemilembe alikuwa ameshika kichwa.

"Nini?"

"Lakiri!"

"Lakiri ndiyo nini? Wa kwanza nakula mimi. Kila mwaka nakula mimi, leo kuna lipi jipya?" Akamgeukia mgeni. "Usinielewe vibaya, mwanangu. Zamani kwetu mwanamke alikuwa anaokota senene, anachambua, anakaanga, halafu mwanamume anakula. Mwanamke haruhusiwi hata kulamba kidole. Bibi yangu alichambua senene maisha yake yote ya ndoa, akashiba harufu. Mdogo wangu alipoanzisha kiwanda hiki akasema, senene wa kwanza wa kila msimu ataliwa na mwanamke, mbele ya watu, kabla mwanamume yeyote hajaonja. Kwa hiyo hapa sili mimi. Anakula bibi yangu."

"Bibi yako ana hamu," nikasema, maana alishafika kwa senene wa tano.

"Wewe shemeji nyamaza, zamu yako bado."

Bi Hirut aliutazama ule mfuko uliochanika. Alisema Kiswahili cha kujifunzia darasani, kila neno limenyooka kama limepigwa pasi. "Sampuli iliyofunguliwa siwezi kuipokea. Itanibidi ningoje nyingine. Nilikuwa niondoke leo."

"Utalala kwangu," Ma Adventina akasema. "Nyumba ipo, kitanda kipo. Lakini na wewe si mwanamke? Shika kabla bibi hajamaliza."

Mgeni akasita. Kisha akashika, akatafuna. Akatazama dari kwa muda.

"Hii siihesabu," akasema. "Lakini niongeze."

*

Chombo cha kubeba mzigo wa majaribio kilikuwa kinatua kesho yake mchana. Tulipaswa kujaza kasha moja la baridi hadi mstari mwekundu. Likijaa, tunaingia miongoni mwa walishaji wa vituo. Lisipojaa, nafasi inakwenda kwa watu wa unga wa nyenje, na walishaji hawabadilishwi ovyo. Ukumbini tayari kulikuwa na viti ambavyo havikaliwi na mtu. Wanawake waliokuwa wakivikalia walikuwa wamerudishwa nyumbani msimu uliopita kwa kukosa soko.

Alasiri Kemilembe akanifuata mnarani. Mle ndani kuna kioo kikubwa kinachoonyesha anga ya ziwa na vilima vyetu vyote. Wingu la senene huonekana humo kama moshi wa kijani. Mwaka ule moshi ulikuwa mwembamba.

"Ta Novatus, unaona?"

"Naona."

"Nusu yake haifiki kwenye mstari."

"Haifiki."

"Tukiita wote?"

Tungeita wote wangefika kwenye mstari, na zingebaki kilo chache za kukaanga wenyewe. Lakini kwenye rweya asingeanguka hata mmoja. Watu wangeamka alfajiri na ndoo zao, wangekuta nyasi tupu.

Kemilembe akakaa kwenye kiti cha Eustella, akainuka mara moja kama amekalia moto, akasimama dirishani. "Naweza kulifuta lile swali," akasema. "Naweka kitufe badala yake, basi, mnara unawaka bila kuuliza. Sitaki. Ma Eustella ndiye aliyenifundisha hesabu pale jikoni kwenu. Lakini nikitazama vile viti vitupu…" Akaacha. "Zungusha wewe. Jibu wewe. Mnara hautajua."

"Mimi nitajua."

"Ndiyo maana nimekuja kukuomba. Sikuja kukuamuru."

Alipoondoka nilishuka ukumbini kumtafuta Ma Adventina. Nilitaka mtu wa kunishika mkono aniambie usifanye. Nilimkuta anazifuta glovu zake.

Glovu za wachambuaji ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Ncha za vidole zinanusa. Ukimshika senene mzima na mbichi, kidole kinawaka kijani. Aliyelala au aliyegusa uchafu, kinawaka nyekundu. Mfuko haujifungi mpaka kila aliyemo awe amepita kwenye kidole cha kijani. Kila glovu hutuma habari zake mnarani, na sheria ya kiwanda ni kwamba glovu haitoki getini.

Nilimweleza. Hata hakuinua kichwa.

"Zungusha, shemeji."

"Wewe ndiye wa kusema hivyo?"

"Ulitaka niseme nini? Eustella nimembeba mgongoni mimi. Angekuwepo ningemwambia usoni. Kuna wanawake humu wanasomesha kwa vidole hivi. Watu wakikosa senene msimu mmoja watakula maharage. Hafi mtu."

"Na wazee wanaowangoja mwaka mzima?"

"Nani, Ta Ishengoma? Yule akipata senene anafunga mlango, anafunga dirisha, anaziba na tundu la funguo ili harufu isitoke. Huyo ndiye nimwonee huruma?"

Nilicheka. Ta Ishengoma ni jirani yangu, na habari ya tundu la funguo ni ya kweli. Lakini nilipanda tena mnarani nikiwa sina wa kuegemea, maana aliyosema shemeji yalikuwa ya haki, na aliyosema mke wangu nayo yalikuwa ya haki.

*

Jua lilipogusa vilima nililishika gurudumu la shaba nikalizungusha hadi mwisho. Halikuwa gumu. Nilidhani litakuwa gumu.

Nikabonyeza.

"Umeacha la watu?"

Sufuria ikatokota. Nilifungua mdomo, neno halikutoka. Nikajiambia ni neno moja tu, na anayeuliza hayupo. Nikavuta pumzi.

Mnara usipojibiwa hungoja kidogo, kisha huuliza tena. Ukauliza. Nikanyamaza tena. Kilichofuata sikukitarajia, kwa sababu misimu yote ile sikuwa nimewahi kuchelewa kujibu kiasi hicho.

"Novatus," Eustella akasema. "Umeacha la watu?"

Alikuwa ameirekodi na hiyo. Alikaa pale jikoni, akafikiri kwamba iko siku nitasita, akaniita kwa jina. Hakuwa amekasirika. Ilikuwa ile sauti ya kuniuliza kama nimefunga banda la kuku.

Nililirudisha gurudumu katikati.

"Nimeacha," nikasema.

Taa zikawaka. Mlio ukaanza, ule mwembamba unaousikia kwenye meno kuliko masikioni, na kwenye kioo moshi wa kijani ukagawanyika vipande viwili. Kimoja kikaja kwetu. Walipiga mabati ya mnara kama mvua ya mawe, wakateleza, wakajaa kwenye mapipa, wakirukaruka, wa kijani, wa kahawia, na mmojammoja wa zambarau ambao watoto huwagombania. Wanawake kule chini wakapiga vigelegele. Hawakuwa wanajua bado.

Walijua walipomaliza kuchambua mapema kuliko walivyotarajia. Kemilembe alifunua kasha la baridi, akatazama ndani, akatazama juu kwangu. Senene hawakuwa wamefika hata karibu na mstari.

"Shemeji," Ma Adventina akaita kutoka upande wa pili wa ukumbi. "Gurudumu liko wapi?"

"Katikati."

"Katikati!" Akasimama, kiti kikaanguka. "Jamani mmesikia? Liko katikati! Watu wanatafuta soko hadi angani, huyu anatafuta baraka za mnara. Wewe hukufiwa na mke, wewe umeoa mnara! Subiri ukuzalie watoto!"

Baadhi walicheka, wengine walikuwa wanafuta machozi, na wengine walifanya yote mawili.

"Twendeni nyumbani," akasema. "Hapa hakuna kazi. Mgeni, chukua begi lako, twende ukalale. Kesho utakwenda kununua unga."

Wakatoka wote kwa mkumbo, wanaongea kwa pamoja, Bi Hirut katikati yao na begi lake. Mlinzi alifungua geti bila kuuliza. Ma Adventina akiwa katika hali ile, hata mimi ningefungua.

Kemilembe alikaa sakafuni, mgongo kwenye kasha. Viatu vyake vilikuwa na tope hadi kwenye kamba.

"Kesho asubuhi nitalifuta lile swali, Ta Novatus," akasema. "Kwa mzigo huu tumechelewa. Lakini wakija wanunuzi wengine, sitaki tena kuwa na mnara unaouliza."

"Najua, mwanangu."

"Nisamehe."

"Pumzika kwanza," nikamwambia.

*

Kemilembe alikuja mnarani mapema, bado kuna umande, kabla chai yangu haijapoa. Mnara nilikuwa sijauzima. Nilitaka swali la pili nilisikie likiwa la mwisho, nikawa naliahirisha.

Alifungua kompyuta yake, akaiunganisha, kisha akainua macho kwenye kioo.

"Hiki nacho kimeharibika," akasema.

Nikatazama. Anga ya ziwa ilikuwa tupu. Wingu lilishapita. Lakini vilima vyetu vilikuwa vimejaa nukta za kijani. Ziliwaka, zikazimika, zikawaka pembeni kidogo. Zilikuwa kwenye rweya yote, kuanzia kanisani hadi mtoni, na nyingine nyuma ya nyumba za watu, ndani ya migomba.

"Ni senene?" akauliza.

"Senene hawawaki mmojammoja."

Tulikodoa macho. Nukta moja ilikuwa nyumbani kwa Ma Adventina, nayo ilikuwa inawaka haraka kuliko zote.

Kemilembe akaziba mdomo kwa mkono. "Glovu," akasema. "Waliondoka na glovu!"

Aliacha kompyuta wazi, akashuka ngazi mbilimbili. Nilimfuata kwa kadiri ya magoti yangu.

Kama hujawahi kuiona rweya asubuhi ya senene, sijui nikuelezeje. Umande unawalowesha mabawa, hawawezi kuruka, wanang'ang'ania majani wakisubiri jua, na watu wanakimbizana na jua hilo. Kila mtu alikuwa nje. Kulikuwa na ndoo, vikapu, masufuria, bibi mmoja na foronya ya mto. Watoto walikuwa wameloa hadi kiunoni. Mtu aliimba, wengine wakaitikia, mtu akateleza akaanguka na ndoo yake, ukasikia kicheko kikitembea kilima hadi kilima. Na katikati ya nyasi, mikono ya wanawake wa kiwandani ilikuwa inawaka kijani, kijani, kijani.

Ma Adventina alikuwa ameinama. Pembeni yake alikuwapo Bi Hirut, kanga ya kuazima imefungwa kiunoni, miguu peku, mkono mmoja una glovu.

"Ma Adventina," Kemilembe akasema akihema. "Glovu hazitoki getini."

"Kwani nilijua? Jana nilikuwa na hasira, nani anavua glovu akiwa na hasira? Nimekuja hapa kuokota mboga yangu, nimemshika wa kwanza, kidole kikawaka. Nikasema, haya! Kiwanda kimenifuata nyumbani." Akanyoosha mgongo. "Ukitaka kunifukuza, nifukuze. Ila kwanza usimkanyage huyo hapo mguuni kwako, nipe."

Kemilembe akainama, akamwokota yule senene, akampa. Kidole kikawaka kijani. Akabaki amekiangalia.

"Bi Hirut," akasema taratibu. "Makubaliano yetu yanataka nini hasa kuhusu usafi?"

"Kila senene awe amepita kwenye kidole cha kijani, na mfuko uwe umejifunga wenyewe."

"Wapi?"

"Wapi, maana yake?"

"Chini ya paa gani?"

Bi Hirut alitazama mbingu, iliyokuwa inaanza kuwa ya dhahabu, akatazama nyasi, akatazama mkono wake mwenyewe. Nilimwona anayasoma makubaliano kichwani, mstari kwa mstari.

"Hakuna paa," akasema. "Nimeyaandika mimi. Hakuna neno paa." Kisha akacheka, na kicheko chake hakikuwa cha darasani hata kidogo. "Na hawa ni wabichi kuliko wa mapipani. Kidole kinawaka kabla sijabana."

Kemilembe akaniangalia. Nilijua anachotaka kuniuliza, naye alijua kwamba si mimi wa kujibu. Wale senene walikuwa fungu la watu. Kuwatoa kwa nguvu kungekuwa sawa na kulizungusha lile gurudumu.

Ma Adventina alishaelewa. Akapanda juu ya kichuguu, akaweka mikono mdomoni, ingawa hakuhitaji.

"Jamani! Okoteni, mle! Kuleni kwanza! Mtu akishiba, akigawia wa kwake, akaona bado wanazidi, alete kiwandani, bei ni ileile ya kiwandani! Mwenye kutaka kula wote ale wote, hakuna wa kumwuliza! Wachambuaji, kila mmoja akae kwenye njia panda ya kwao, apitishe wa majirani, mifuko itawafuata huko!"

"Wakizidi!" mtu akapaza sauti kutoka mbali. "Wewe Adventina, kwako waliwahi kuzidi lini?"

"Leo!" akajibu. "Leo mgeni wangu amenisaidia kuokota!"

*

Walianza kuja jua lilipopanda. Harufu ya kukaanga ilitangulia, maana walikula kwanza kama walivyoambiwa. Mapaja ya kuku yangeweza kupita barabarani siku hiyo na hakuna ambaye angegeuka. Halafu wakaja, mmoja na bakuli, mwingine na nusu ndoo, wengine wanasukuma baiskeli zenye mifuko iliyojifunga huko huko njia panda. Kuna waliokuja mikono mitupu, wakasema wamekula wote, wamekuja kutazama tu. Waliwekewa viti, na vile viti vya ukumbini ambavyo havikuwa na wa kuvikalia vikajaa watazamaji waliokuwa wanatoa maoni juu ya kila kitu.

Chombo cha mzigo kilitua uwanjani kwa mlio wa pafu linalotoa pumzi. Bi Hirut alisimama kando ya kasha, amerudia viatu vyake lakini kanga hakuirudisha. Mfuko baada ya mfuko. Senene walipanda, wakaukaribia mstari mwekundu, na hapo wakagoma. Barabara ilikuwa imekauka watu. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya kiganja.

Kemilembe alikuwa anatazama geti. Sote tulikuwa tunatazama geti.

Akaingia Ta Ishengoma. Alikuwa anatafuna buni kavu za kahawa, anatembea polepole kwa makusudi, na kwapani alikuwa na sufuria yenye mfuniko. Alipita katikati yetu bila salamu, akasimama mbele ya Ma Adventina.

"Pitisha," akasema.

"Ta Ishengoma, ni wewe au ni mzimu wako?"

"Nimekuambia pitisha. Usiniangalie kama umeniokota."

"Umezibua tundu la funguo?"

Ukumbi ukalipuka. Mzee alisubiri wamalize. "Msimu huu nimekaa dirishani nikingoja kusikia mnara umeita wote," akasema. "Habari zilishanifikia jana. Nikasema, wakiita wote, mwaka huu nakufa bila kula. Asubuhi nikatoka, nikawakuta wamejaa hadi mlangoni." Akamsukumia sufuria. "Nimekula nikashindwa. Sijawahi kushindwa. Pitisha kabla sijabadili mawazo."

Ma Adventina hakusema neno, jambo ambalo Kashenge wanalisimulia hadi leo. Aliwapitisha senene wa Ta Ishengoma mmojammoja, kijani, kijani, mfuko ukajifunga. Bi Hirut akauweka juu ya wenzake, akausawazisha kwa kiganja, akainama hadi jicho likawa sawa na mstari.

"Umefika," akasema.

Sitaelezea kelele zilizofuata. Kemilembe alivua viatu vyake vyeupe, akavitupa juu ya paa, na kimoja bado kiko huko.

Sampuli mpya ilifungwa kwa lakiri ya bluu. Kabla ya kuikata, Bi Hirut alimtazama Ma Adventina kwanza.

"Hawa si wa kwanza wa msimu," shemeji akasema. "Endelea tu, mwanangu."

*

Chombo kilipopaa na watu wakaanza kutawanyika, Kemilembe alinikuta chini ya ngazi za mnara. Alikuwa peku.

"Kompyuta yangu nimeiacha huko juu," akasema. "Ukipanda, ifunge tu. Sina kazi nayo."

Nikapanda. Nikaifunga. Kwenye kioo nukta za kijani zilikuwa zimekusanyika ukumbini, zinawaka ovyo, nadhani walikuwa wanapiga makofi. Nikaushika mpini wa kuuzima mnara.

"Wamekula?" Eustella akauliza.

Misimu yote nilijibu kwa neno moja, kwa sababu jibu ni neno moja. Safari hii neno moja lilikuwa dogo.

"Wamekula," nikasema, "halafu wakatuletea."

Taa hazikuzimika. Mnara ulifikiri.

"Sijaelewa," akasema. "Sema tena."

Na hilo alikuwa amelirekodi, nami sikuwa nimewahi kulisikia. Nikasema tena.

Sufuria inatokota. Mfuniko ukasogezwa, nikausikia, na kijiko kikawekwa mezani, kama mtu anayeacha shughuli yake ili akusikilize vizuri.

"Haya, Novatus, nakusikiliza," akasema. "Sema polepole."

Nikavuta kiti chake, nikakaa, nikamweleza. Nilianzia kwenye mfuko uliopasuliwa kwa meno. Nilimwambia kuhusu gurudumu, maana sikutaka kumficha. Nilimwambia nilivyoambiwa nimeoa mnara. Nilipofika kwa Ta Ishengoma na sufuria yake nilicheka peke yangu hadi nikashika ukuta. Mashine isiyojua ila neno moja ilinisubiri muda wote huo, taa zake zinawaka mchana kweupe.

"Shemeji!" Ma Adventina akaita kutoka chini. "Zima hizo taa uje ule, zamu yako imefika!"

"Wamekula," nikamwambia Eustella.

Taa zikazimika, nikashuka kula.